Mnara wa uhuru hausemi tusiponena sisi

Kiritiri si jiji, wala haina uwanja wa jiji. Tulicho nacho ni soko, kituo cha matatu, ofisi za serikali na mlingoti wa bendera. Jioni saa kumi na mbili askari huja kuishusha bendera hiyo, na mpita njia ambaye bado ana adabu za zamani husimama kimya mpaka ikunjwe. Nimefundisha historia katika sehemu hii ya Mbeere kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kwa muda mrefu niliuhesabu mlingoti huo kuwa ndio ukumbusho wetu pekee wa uhuru. Minara mingine, ile ya shaba na mawe, niliamini kuwa ni mali ya Nairobi, na kwamba atakaye kuiona sharti afunge safari.

Julai 2018 tulifunga safari. Tulikuwa walimu watatu na wanafunzi wa kidato cha pili waliojaza basi zima. Wazazi walikuwa wamechanga nauli kwa kuuza ndengu na mbuzi, na kwa sababu hiyo nilijitahidi tusirudi mikono mitupu. Niliandaa orodha ya sanamu na minara, na mbele ya kila jina nikaandika tarehe na maelezo mafupi ya kusoma. Nilidhani kwamba kazi ya mwalimu mbele ya mnara ni hiyo.

Tulianzia Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata. Hapo ndipo, usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Kenya ikapandishwa. Mnara uliopo una urefu wa mita 24, na kileleni pana mikono iliyoshikana na njiwa wa amani. Karibu nao ipo sanamu ya watu wanaoinua bendera. Niliwaeleza wanafunzi kwamba wakati huo huo Kisoi Munyao alikuwa ameipeleka bendera kama hiyo kwenye kilele cha Lenana, juu ya Mlima Kenya, ambao sisi wa Kiritiri huuona alfajiri kukiwa hakuna mawingu. Walifurahi kusikia hivyo. Mlima waliujua tangu utotoni, ila hawakuwa wameambiwa kwamba nao ulikuwa na sehemu yake katika usiku ule.

Kutoka hapo tulikwenda katikati ya jiji. Tuliiona sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta ameketi nje ya jumba la mikutano la KICC, kazi ya Mwingereza James Butler, iliyowekwa mwaka 1973. Tuliiona ya Dedan Kimathi katika barabara inayoitwa kwa jina lake, ameshika bunduki mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Hatimaye tukaingia Uhuru Park, mbele ya ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa tarehe 12 Septemba 2015.

Ukumbusho huo una watu wawili. Mmoja ni mpiganaji wa msituni, na mwingine ni mwanamke anayempa chakula. Wamesimama karibu, mkono wa huyu unakaribia wa yule, lakini nyuso zao zimegeuzwa. Nilianza kusoma maelezo yangu. Kabla sijamaliza, msichana mmoja mdogo wa umbo, ambaye darasani hakuwa msemaji, akainua mkono.

"Mwalimu, mbona hawa hawatazamani? Wamekosana?"

Wenzake waliangua kicheko. Mimi nilitazama saa, nikakumbuka dereva, nikajibu kwa haraka, "Huo ni mtindo wa msanii tu. Twendeni, basi linangoja."

Jumatatu iliyofuata, kipindi cha kwanza, msichana yule alisimama pasipo kuitwa. "Mwalimu," akasema, "nilimwuliza nyanya yangu. Amesema hawakukosana. Amesema ukimpelekea mtu chakula msituni humtazami usoni, ili ukija kupigwa usiwe na jina la kusema."

Darasa lilinyamaza. Nami nilisimama pale na chaki mkononi, mtu mwenye shahada na vyeti, nikijua kwamba nilikuwa nimewapeleka watoto wa watu hadi jiji kuu kuonyeshwa jambo ambalo maana yake ilikuwa imekaa kando ya jiko la mmoja wao.

Wasomaji wangu, hasa walimu wenzangu, haya siyasemi ili kujidhalilisha hadharani. Nayasema kwa sababu naamini kosa langu ni kosa la wengi. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kuitazama minara, hatujawafundisha kuisoma. Mwanafunzi hujua mnara ulizinduliwa lini na nani, akaandika katika mtihani akapewa alama. Haulizi ni nani aliyeagiza ujengwe, ni nani aliyelipa, ni nani aliyewekwa juu yake na ni nani aliyeachwa nje. Ilhali maswali hayo ndiyo roho ya somo lenyewe.

Chukueni mfano wa Nairobi hiyo hiyo. Katika Kenyatta Avenue wapo askari watatu wa shaba waliosimamishwa mwaka 1928, wakumbusho wa Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapiganaji pamoja na wapagazi. Wana sura, lakini hawana majina. Katika barabara hiyo, ilipokuwa ikiitwa Delamere Avenue, ilikuwako pia sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, na huyo jina lake lilijulikana na kila mtu. Uhuru ulipokuja, Delamere aliondolewa na barabara ikabadilishwa jina, nao askari wasio na majina wakabaki. Hilo pekee latosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba sanamu husimulia habari za aliyeijenga kabla ya kusimulia za yule anayekumbukwa.

Hata baada ya uhuru mambo hayakuwa tofauti sana. Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baadaye. Kwa nini nusu karne? Jibu ni kwamba Mau Mau, waliopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, waliendelea kuwa chama haramu katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003. Kwa miaka 40 taifa lilisherehekea uhuru kila Desemba huku sheria ikiwaita haramu watu waliokwenda msituni kuutafuta. Mwanafunzi anayeijua tarehe ya sanamu bila kuijua tarehe hiyo ya pili hajajifunza kitu.

Aidha, yapo makumbusho ambayo yaliwatukuza walio madarakani kuliko yalivyowakumbuka waliotangulia. Katika Central Park, karibu na Uhuru Park, uko mnara wa Nyayo wa mwaka 1988, uliojengwa kuadhimisha miaka 10 ya utawala wa Rais Daniel arap Moi. Unaonyesha mkono wenye rungu ukichomoza kwenye kilele cha mlima. Mwaka uliofuata, 1989, kulikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya Rais. Profesa Wangari Maathai aliupinga mpango huo kwa barua na kwa sauti, akatukanwa mpaka ndani ya Bunge, lakini jumba halikujengwa. Nyasi ambazo wanafunzi wangu walikalia siku ile kula mikate yao zipo kwa sababu mwanamke mmoja alikataa kunyamaza.

Na ukumbusho wa wale wawili wasiotazamana, nao una hadithi ya fedha zake. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza, kupitia kwa waziri wake William Hague, ilieleza masikitiko yake kwa mateso yaliyotendwa wakati wa Hali ya Hatari, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, na kugharimia ukumbusho. Kwa hivyo sanamu ile imelipiwa na serikali ambayo ndiyo iliyojenga kambi za mateso. Je, ilikuwa haki kuipokea? Mimi naona ilikuwa haki, maana anayekiri kosa aachwe akiri. Lakini mwanafunzi sharti aambiwe, kwa kuwa kila alipaye huchagua pia mahali pa kukomea. Ukumbusho ule unataja mateso ya mkoloni. Hausemi neno juu ya jirani aliyemshikia mkoloni kiboko, wala juu ya mpiganaji aliyerudi nyumbani akakuta shamba lake lina mwenyewe mwingine.

Haya ya jirani sikuyatoa kitabuni. Niliyasikia kwa yule nyanya.

Baada ya aibu ile nilimwomba msichana anipeleke kwao, na nyanya yake akakubali kuja shuleni. Alizaliwa juu, upande wa Embu unaopakana na msitu wa Mlima Kenya, na aliletwa huku kwenye joto la Mbeere na ndoa. Alituambia kwamba mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka 18, na kwamba mwaka huo walitolewa katika boma zao wakaingizwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa ncha. Kwa wanafunzi hiyo ilikuwa hadithi ya nyanya mmoja. Mimi niliwaongezea kwamba zaidi ya watu milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliingizwa katika vijiji vya namna hiyo, zaidi ya 800 kwa hesabu, ili msitu ukose chakula na habari.

Alizungumza kwa Kiembu, taratibu, nami nikatafsiri kwa wale wachache wasiokifahamu. Alisema chakula hakikupelekwa na mashujaa. Kilipelekwa na wasichana waliokwenda kuokota kuni. Kiliachwa katika shina la mti au kilitolewa mkono kwa mkono, uso ukiwa umegeukia upande wa pili. Siku moja alikamatwa, akapigwa ili ataje aliyempokea. Hakuwa na wa kumtaja. Alicheka kidogo aliposema hivyo, kana kwamba bado alikuwa akimchezea shere aliyempiga.

Mvulana mmoja akamwuliza, "Nyanya, aliyekupiga alikuwa mzungu?"

"La," akajibu. "Mzungu alikaa kwenye kiti. Aliyenipiga alikuwa homugadi, na alikuwa ndugu wa baba yangu kwa upande wa nyumba ndogo."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Nyanya alimtazama kijana yule kwa muda. Kisha akasema, "Huyo nilimwona uso. Lakini simtaji. Wajukuu zake ni wajukuu zangu."

Msichana wake, ambaye nadhani hadithi hiyo aliisikia kwa mara ya kwanza, akauliza kwa sauti ndogo kama alimsamehe. Nyanya alijibu kwamba neno hilo la kusamehe halikuwahi kutamkwa baina yao. Alisema tu kwamba mtu yule alipokufa, yeye alipanda juu kwao, akapika chakula cha waliokuja kuzika.

Sijaona mnara wowote katika Afrika Mashariki wenye uwezo wa kusema maneno hayo. Mjini Kampala ipo sanamu ya uhuru ya mwaka 1962, mama anayemwinua mtoto juu, iliyofanywa na Gregory Maloba, Mkenya aliyefundisha sanaa Makerere. Ni kazi nzuri mno. Mjini Dar es Salaam, katika viwanja vya Mnazi Mmoja, upo Mnara wa Mwenge wa Uhuru, unaowakumbusha wapita njia mwenge uliowashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961. Minara hiyo yafaa ilindwe na kuheshimiwa. Lakini shaba na mawe hupenda mambo makubwa yaliyo wazi: mshindi, bendera, mtoto aliyezaliwa. Mwanamke anayempikia maiti wa aliyempiga hana mahali pa kusimama juu ya mnara. Mahali pake ni katika kinywa cha anayesimulia na sikio la anayesikiliza, na hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanzia.

Wako watakaoniambia kwamba kufukua habari za homugadi ni kutonesha vidonda, kwamba vijiji vyetu vimeishi kwa amani kwa sababu ya kunyamaza. Hoja hiyo siidharau. Nyanya mwenyewe alinyamaza jina. Lakini tazameni alivyonyamaza: alisema tendo, akaficha mtendaji. Aliwapa watoto ukweli bila kuwapa mtu wa kumchukia. Nadhani huo ndio mpaka ambao sisi walimu twaweza kuushika. Tusimtaje babu wa mtu darasani, wala tusidanganye kwamba mateso yote yaliletwa na meli.

Maana uongo nao huandikwa rasmi. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 waliokataa kazi ya kuchimba mifereji waliuawa kwa kupigwa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Laiti wengine wasingesema, taarifa hiyo ndiyo tungekuwa tukiifundisha hadi leo.

Tena hatuhitaji kwenda mbali. Kutoka Kiritiri hadi Mwea si safari ya kutisha, na zama hizo Mwea ilikuwa ndani ya wilaya ya Embu. Mifereji ya kwanza ya mashamba yale ya mpunga ilichimbwa katikati ya miaka ya 1950 kwa mikono ya wafungwa wa Hali ya Hatari, waliowekwa katika kambi za huko zikiwemo Thiba na Gathigiriri. Wanafunzi wangu wote walikuwa wamekula mchele wa Mwea, na katika sikukuu wauombao ni huo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa ni nani aliyeyaelekeza maji yale shambani. Huo nao ni ukumbusho wa uhuru, mrefu kuliko mnara wowote wa Nairobi, na ungali unafanya kazi kila msimu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo nina mapendekezo matatu, na yote hayahitaji bajeti.

Kwanza, kabla ya kumpeleka mwanafunzi mbele ya mnara, mpe maswali badala ya maelezo: nani alijenga, lini, kwa fedha za nani, na nani hayupo. Akirudi bila majibu si hasara, bora arudi na swali jipya. Na akiuliza, asijibiwe kama nilivyojibu mimi.

Pili, kila shule ya sehemu hizi za Embu na Meru ianze sasa kuwaalika wazee. Hesabu ni rahisi na inatisha. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1954 leo anakaribia miaka 90. Musa Mwariama wa Meru, aliyekaa msituni bila kukamatwa mpaka uhuru ukapatikana, alifariki mwaka 1989. Muthoni Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha juu kabisa msituni, alifariki Septemba 2023. Hao walijulikana na taifa likawazika kwa heshima. Wasichana wa kuni huzikwa kila mwezi na hakuna gazeti linaloandika.

Tatu, wanafunzi wenyewe wasingoje mwalimu. Ninyi mnaosoma ukurasa huu huenda mna nyanya au babu aliyeketi uani wakati huu. Mwulizeni. Msianze na maswali makubwa ya ukombozi na taifa. Mwulizeni chakula kilipelekwaje.

Mwaka 2023 sherehe za kitaifa za Madaraka zililetwa mjini Embu, na wengi kutoka huku chini walikwenda uwanjani kabla ya mapambazuko. Nilifurahi kuliona eneo letu likitajwa. Nikamkumbuka yule nyanya, ambaye hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2021, akazikwa Mbeere, mbali na msitu wake. Aliyoyasema yamo katika daftari la kurasa 96 lililoandikwa na mjukuu wake, na daftari hilo limo katika kabati la idara yetu, nakala moja tu, wino wa buluu. Kila Oktoba, Siku ya Mashujaa inapokaribia, mimi hulitoa nikampa mwanafunzi mmoja alisome mbele ya wenzake. Lina kurasa nyingi ambazo bado hazijaandikwa kitu.